Kabla hujampa ajenti pesa ya kuwa afisa wa redio melini

Kijana mmoja wa Likoni aliniandikia wiki iliyopita. Amemaliza stashahada ya umeme, anaipenda bahari, na kuna ajenti aliyemwahidi nafasi ya afisa wa redio katika meli ya shehena inayokwenda Ghuba. Sharti atoe kwanza pesa ya kutafutiwa nafasi na ya cheti, vyote kwa pamoja, na atoe kabla ya mwisho wa mwezi. Akamalizia hivi: "Ami, wewe kazi hii umeifanya. Nitoe?"

Usitoe. Nilimjibu siku ile ile, na hapa naandika kwa urefu kwa ajili yake na wenzake, maana najua wako wengi kuanzia Lamu hadi Mtwara wanaoambiwa maneno hayo hayo.

La pesa kwanza, tulimalize. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya na Tanzania zote zimeuridhia, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Kinachoweza kutoka mfukoni mwako ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Anayekudai zaidi ya hapo anavunja mkataba, hata akiwa na ofisi yenye kiyoyozi na picha za meli ukutani. Na vyeti haviuzwi na ajenti. Hutolewa na serikali baada ya kusoma na kufanya mtihani: Kenya ulizia Mamlaka ya Bahari, Tanzania Bara ulizia TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli, Zanzibar wana mamlaka yao. Kama umeshampa chochote, tunza risiti na jumbe zake zote, uende nazo huko na polisi.

La pili kulisema kunaniuma mimi kuliko wewe kulisikia. Kazi hiyo haipo. Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa mawasiliano ya dharura baharini, GMDSS, ulikamilika kuanza kutumika, na tangu hapo meli ya shehena haidaiwi tena kuwa na mtu ambaye kazi yake ni redio tu. Vyombo wamepewa maofisa wa darajani, chumba cha kuongozea meli. Nahodha, chifu ofisa, sekandi ofisa, kila mmoja ana cheti chake cha redio, na kila mmoja ana kazi nyingine tele juu yake. Ajenti wako anakuuzia cheo kilichofutwa.

Mimi nilikiwahi kikiwa na heshima yake. Miaka ya sabini nilitoka Mji wa Kale wa Mombasa nikaenda Uingereza kusomea redio ya meli. Kupita mtihani ilibidi upokee na utume kwa Morse, herufi za nukta na vistari, maneno 20 kwa dakika ya lugha ya kawaida, na mafungu 16 kwa dakika ya herufi na tarakimu zisizo na maana. Walioshindwa katika darasa letu ni wale waliong'ang'ania kuhesabu nukta na vistari. Herufi haihesabiwi, inasikilizwa nzima nzima kama mpigo wa ngoma, na mtu aliyekulia kwenye chakacha hana haja ya kufundishwa hilo mara mbili. Wazungu darasani walishangaa nilivyowapita. Mimi sikushangaa. Mtihani wa vyombo ulikuwa mgumu zaidi: mtahini anaiharibu transmita, mtambo wa kutumia ujumbe, kwa makusudi, anakupa mita na mchoro, kisha anatazama saa wakati wewe unatafuta kilichokatika. Mengine ya chuoni nayaruka. Baridi, upweke, chakula kisicho na chumvi, hayo kila aliyesoma nje anayajua.

Ukitoka chuoni hukuachiwa meli peke yako. Ulikaa kwanza miezi sita chini ya mkubwa wako. Wangu alikuwa mzee wa Kihindi aliyeanza kazi hiyo mimi sijazaliwa, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba kutuma ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kusikiliza. Nilidhani ni maneno ya wazee.

Chumba cha redio kilikuwa nyuma ya daraja. Vyombo vilikuwa vya kampuni ya Marconi: transmita ya Oceanspan, kabati zima la chuma, na risiva ya Atalanta, ya kupokelea, ambayo kitufe chake cha kutafutia stesheni kilikuwa kizito na laini mkononi. Ukutani palikuwa na saa ambayo huikuti pengine popote melini. Uso wake una vipande vinne vilivyopakwa rangi. Vyekundu viwili, dakika ya 15 hadi 18 na ya 45 hadi 48. Vya kijani viwili, dakika ya 0 hadi 3 na ya 30 hadi 33. Mkono ukiingia kwenye nyekundu, bahari yote inanyamaza kwenye kilohezi 500, masafa ya Morse. Ukiingia kwenye kijani, inanyamaza kwenye 2182, masafa ya sauti. Mtu anaweza kuwa katikati ya simu (siku hizo simu kwetu ni telegramu, ujumbe wa maandishi) ya maelfu ya dola, anaacha. Dakika tatu hizo ni za mwenye shida, ambaye betri yake imekwisha nguvu na sauti yake ni nyembamba, ili asikike.

Utaratibu huo haukutoka hewani. Usiku wa Titanic, Aprili 1912, meli ya Californian ilikuwa si mbali. Afisa wake wa redio, Cyril Evans, alikuwa peke yake, zamu yake ndefu imekwisha, akazima vyombo akalala dakika chache kabla Titanic haijagonga barafu. Aliyeisikia ni Harold Cottam wa Carpathia, ambaye naye alikuwa anajiandaa kulala ila hedifoni bado iko kichwani. Watu zaidi ya 700 waliopona walipona kwa sababu hiyo. Tulifundishwa majina hayo mawili kabla ya kufundishwa umeme, na ningependa kila kijana anayeshika redio ya meli leo ayajue.

Zamu zangu zilikuwa za saa mbili mbili: saa mbili hadi saa nne asubuhi, saa sita hadi saa nane mchana, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, saa mbili hadi saa nne usiku. Katikati hukulala. Kulikuwa na hali ya hewa ya kupokea na kumpelekea nahodha, taarifa za hewa za meli yetu za kutuma, orodha za Portishead, stesheni kubwa ya redio ya Uingereza, za kusikiliza kama herufi za kuiita meli yetu zimo, rada ya kutengeneza, hesabu za simu za mabaharia za kuandika. Meli nyingine zilikubebesha na mishahara na orodha za wafanyakazi kwa sababu wewe ndiye unayejua kupiga taipu.

Na betri. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilikwenda kwenye kabati la betri za dharura na haidromita. Unafungua kifuniko, unafyonza tindikali, unasoma kiasi kile kibuyu kidogo cha kioo kinavyoelea. Karibu 1250, roho inatulia. Ikishuka kuelekea 1150, hiyo betri haitakufaa siku ya shida. Unaongeza maji safi ya betri, unapangusa vichwa, unapaka grisi, unaandika kwenye daftari. Suruali zangu zote za kazi zilikuwa na matundu ya tindikali. Mtu asiyependa kazi ya namna hiyo, inayorudiwa kila siku bila mtu kukupongeza, asiende kwenye vyombo vya mawasiliano. Namwambia mapema.

Jambo ambalo watu hawalijui kuhusu kazi yetu ni siri. Cheti chako kilikufunga usitoe habari ya simu yoyote kwa asiyehusika. Wewe ndiye wa kwanza melini kujua nani amepata mtoto, nani mke wake anadai talaka, nani ameshitakiwa nyumbani kwa deni. Unajua bei ya shehena imeanguka na kwamba mwenye meli anatafuta wa kumuuzia. Halafu unakwenda kula na watu hao hao, unawapitishia sahani.

Kulikuwa na mpakaji mafuta wa chumba cha injini, mtu wa Pate, mcheshi, ndiye aliyekuwa akituimbia jioni nyuma tezini. Tulikuwa tumetoka Durban tunaelekea Australia. Nikapokea simu yake kupitia stesheni ambayo mtumaji hakujua neno hata moja la Kiswahili, akawa ananipa herufi moja moja: M, A, M, A. Nikajua kabla hajamaliza. Mkono uliandika hadi mwisho, nikamrudishia maneno yote kuhakikisha, nikatia muhuri wa saa. Mama yake alikuwa ameshazikwa. Nahodha alishauri nisubiri tufike bandarini, mtu asije akafanya jambo katikati ya bahari. Nilimwambia kwa adabu kwamba simu ni ya mwenyewe. Nikashuka injini, nikamngoja atoke zamu, nikamwomba serangi, mkubwa wa mabaharia, awepo, tukampa. Usiku ule tulisoma Yasini Waislamu wote wa meli ile, kwenye chumba cha kulia cha mabaharia. Mwezi mzima hakuimba, na hakuna aliyemwomba.

Leo kila mtu ana simu yake, ana Starlink, anapokea msiba peke yake kitandani saa nane za usiku bila serangi wala jirani. Nawaambia maofisa vijana: kwa kuwa habari hazipiti tena mkononi mwenu, tazameni nyuso. Mtu asiyekuja kula, mgongeeni mlango.

Sasa nieleze kengele. Mtu wa redio alipokuwa amelala, kulikuwa na chombo cha kumsikilizia kilohezi 500. Mwenye shida alituma kwanza vistari kumi na viwili, kila kimoja sekunde nne, na pengo la sekunde moja baina yake. Chombo kikivikamata vichache mfululizo, kengele zinalia mahali patatu: darajani, chumba cha redio, na juu ya kichwa chako kitandani. Tabu ni kwamba radi za bahari zetu za joto ziliweza kukidanganya chombo kile. Miezi ya radi kengele ililia usiku baada ya usiku, unakimbia, unavaa hedifoni, unasikia mikwaruzo tu. Wapo wenzetu waliokuwa wakikata waya wa kengele ya kitandani ili walale. Nawajua. Sikuwahi kuukata wangu.

Tulikuwa kusini ya kisiwa cha Sokotra, Julai, kusi imekaza kama inavyokaza huko, meli inapanda na kushuka hata kitandani unajifunga. Kengele ikalia. Ilikuwa imelia mara mbili usiku ule ule, bure. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Nikaenda kwa magoti, nikavaa hedifoni, kimya. Kisha, baada ya zile dakika mbili ambazo mtumaji anatakiwa awape wenzake wafike vyomboni, SOS mara tatu, herufi za meli, na mahali alipo: maji yameingia falka (chumba cha shehena) namba mbili, meli imelalia upande. Nikajibu, nikampelekea nahodha karatasi kabla wino haujakauka, naye akageuza meli bila kuuliza swali.

Saa zilizofuata sikusogea. Umeme mkubwa wa meli ile ulikuwa umekatika, anatuma kwa betri za dharura, na mlio wake ulikuwa unashuka polepole, unakuwa mnene na kukwama. Stesheni ya Bombay haikumsikia tena. Ilinisikia mimi. Basi nikawa namsikiliza yeye, nampelekea Bombay, napokea Bombay, namrudishia yeye, nikitumia na kitafuta mwelekeo kumpa nahodha upande wa kuelekea. Meli ya mafuta iliyokuwa karibu kuliko sisi ilifika alfajiri ikawatoa wote. Hatukuwahi kuwaona. Sikujua sura ya mwenzangu yule wala nchi yake, ila mkono wake kwenye Morse ningeutambua hadi leo. Betri zake zilidumu kwa sababu kila asubuhi alizipima.

Kwa hiyo mtu akiniambia kazi ile ilikuwa ya kukaa kwenye kiti, nanyamaza, lakini nimeumia.

Ilivyokwisha ni hivi. Kanuni za GMDSS ziliwapa wenye meli njia tatu za kuhakikisha vyombo vinafanya kazi: kufunga vyombo viwili viwili, kuwa na mafundi nchi kavu, au kubeba fundi melini. Meli inayovuka bahari kuu ilihitaji njia mbili tu kati ya hizo tatu. Hesabu ya mwenye meli ilikuwa nyepesi. Vyombo viwili havili chakula, havidai likizo, na mafundi wa nchi kavu unawalipa ukiwahitaji. Tuliondolewa kwa hesabu hiyo, na sisemi haikuwa halali. GMDSS imeokoa watu wengi ambao Morse isingewaokoa. EPIRB, boya la redio la dharura, inayojitoa yenyewe meli inapozama na kuita setilaiti haihitaji mtu abaki chumbani maji yakipanda. Hilo nalikubali kwa moyo wote.

Lakini namna ya kuondolewa, hiyo sijaisahau. Kampuni niliyoitumikia miaka mingi ilituma telex, ujumbe unaochapwa na mashine, kwa nahodha: vyombo vipya vitafungwa meli ikipanda chelezo, afisa wa redio ateremke hapo, asitafutwe mwingine. Nani alipokea telex ile? Mimi. Niliisoma mstari kwa mstari inavyotoka kwenye mashine. Nikaikata, nikaitia kwenye bahasha, nikaandika saa kwenye daftari, nikampelekea nahodha. Akasoma, akasema ahsante. Kwa kuwa simu ilikuwa yake, sikuwa na ruhusa ya kuizungumza mpaka yeye anizungumzie. Zikapita siku. Tulikula meza moja. Alipoamua kuniambia aliniuliza kama nimeshangaa, nikamjibu kwamba sina la kusema kuhusu simu zisizo zangu. Nilifanya zamu zote hadi siku ya mwisho, na betri niliziacha zikiwa kwenye 1250.

Wakati huo huo dunia nzima ilikuwa inafunga. Januari 1997 jeshi la majini la Ufaransa liliacha Morse kwa kutangazia meli zote kwamba hicho ni kilio chao cha mwisho kabla ya ukimya wa milele. Portishead, ambayo herufi zake nilizisikia kila siku ya ujana wangu, ilifunga mwaka 2000. Mimi nilirudi Mombasa nikatengeneza rada na redio za meli za uvuvi hapo Kilindini, nikasomesha wanangu. Alhamdulillahi.

Ni kwenye meli hizo nilizopanda kutengeneza ndipo nilipoanza kuogopa. Unakuta afisa kijana, cheti cha GMDSS kimetundikwa ukutani kwenye fremu, kozi ya wiki mbili hivi, ukimwuliza mara ya mwisho alipima betri lini anakuonyesha daftari lililojazwa mwezi mzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Kengele ya DSC, mwito wa dharura wa kidijitali, ikilia anabonyeza kuizima bila kusoma meli gani, iko wapi. "Za uongo hizo, mzee, kila siku." Najua nyingi ni za uongo. Na zetu zilikuwa za uongo. Soma kwanza, ndipo uzime.

Ukipewa redio za meli, basi zishike kweli. Tazama EPIRB: kile kifaa cha kuiachia chini ya maji kina tarehe, hubadilishwa kila miaka miwili, usikute kimepakwa rangi na mabaharia hadi hakifunguki. Meli ikibadilisha bendera, namba yake ya MMSI, ya kuitambulisha kwenye redio, hubadilika, na EPIRB isipopangwa upya itaita kwa jina la meli ya zamani, na watakaopigiwa simu ni watu wasiohusika. Ukibonyeza dharura kwa bahati mbaya, usizime ukakaa kimya kwa aibu. Piga kituo cha uokoaji, Mombasa au Dar es Salaam, useme ni makosa, hakuna atakayekula nyama yako. Chaneli 16 ni ya miito na dharura, si ya kupigia soga za mpira. Na pima betri. Nimeshasema, narudia: pima betri, wewe mwenyewe, kwa mkono wako, uandike ulichokiona.

Sasa wewe wa Likoni, mwenye stashahada ya umeme. Cheo kinachokufaa kinaitwa ETO, afisa wa umeme na elektroniki, na kimo kwenye mkataba wa mafunzo ya mabaharia tangu marekebisho ya Manila ya 2010. Ndicho kilichorithi nusu ya kazi yetu: rada, redio, kompyuta za darajani, pamoja na mota na kreni ambazo sisi hatukuzigusa. Njia ya kawaida ni programu iliyoidhinishwa yenye angalau miezi kumi na miwili ya karakana na bahari, sita kati yake ukiwa melini na kitabu cha mafunzo kinachotiwa sahihi. Darasa utalipata. Hiyo miezi sita ya melini ndiyo itakayokutesa, maana meli zetu wenyewe ni chache na kampuni za nje zina vijana wa kwao. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya chuo chochote, uliza swali moja: wahitimu wa mwaka jana walipanda meli gani? Chuo kikikupa majina ya meli, kaa uzungumze nacho. Kikikupa vipeperushi, toka.

Na kabla hata ya chuo, nenda kwa daktari wa mabaharia aliyeidhinishwa ukapimwe macho, pamoja na kipimo cha kutofautisha rangi. Kazi ya nyaya inadai rangi. Nimeona vijana wawili, wana wa jirani zangu, waliogundua wameshalipa ada ya mwaka mzima kwamba nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja. Kipimo chenyewe hakichukui hata nusu saa. Kifanye wiki hii.